Wakfu, hiba au wasia: lipi liandikwe katika hati yako

Hati za zamani za pwani ya Afrika Mashariki, zile zilizoandikwa kwa Kiarabu mbele ya kadhi, zimejaa maneno matatu: wakfu, hiba na wasia. Yote matatu ni njia za mtu kutoa mali yake kwa hiari bila kulipwa, na ndiyo maana yanachanganywa. Barazani watu husema tu kwamba mzee alimwachia nyumba binti yake, na mazungumzo yakaendelea. Mahakamani swali la kwanza ni: alimwachia kwa lipi? Ikiwa ni hiba, nyumba yote ni ya binti. Ikiwa ni wasia, huenda binti asipate zaidi ya fungu lake la mirathi. Na ikiwa ni wakfu, nyumba si mali yake kabisa. Haki yake ni kuikaa au kula kodi yake.

Maneno haya yana umri wa karne nyingi, lakini bado kadhi wa Mombasa, Lamu, Unguja na Pemba anayatumia kila wiki. Maelezo yaliyo hapa yanafuata madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi pwani. Pale Hanafi, wafuasi wa madhehebu mengine ya Kisunni, wanapotofautiana nao kwa jambo litakalobadilisha uamuzi wako, imesemwa.

Vipimo vya kuamulia

Kipimo kikubwa kuliko vyote ni wakati: mali inatoka mkononi mwako lini? Ukilijibu hilo kwa dhati, nusu ya kazi imekwisha. Vinavyofuata ni nani anaweza kupewa na kwa kiasi gani, kama unaweza kugeuka ukijuta, na mwisho ni wapi hati za aina hiyo huharibikia.

Tazama sentensi hizi. «Nimempa Zuhura nyumba yangu» ni hiba. «Nikifa, nyumba yangu apewe Zuhura» ni wasia. «Nyumba yangu nimeiweka wakfu kwa Zuhura na kizazi chake, wakiisha ni ya mafakiri» ni wakfu. Sasa soma hii: «Nimempa Zuhura nyumba yangu kwa hiba, aichukue nitakapokufa.» Imebeba jina la hiba, lakini maana yake ni wasia, kwa sababu kilichotolewa kinasubiri mauti, na kadhi hufuata maana. Zuhura akiwa binti wa mwandishi, ni mrithi, na mrithi hausiwi ila warithi wenzake waridhie. Maneno mawili ya mwisho yamemnyang'anya nyumba. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na karibu kila mara linafanywa kwa nia njema.

Hiba

*Inatoka lini.* Leo. Hiba ina tamko la mtoaji (ijabu), kukubali kwa mpewa (kabuli), na kukabidhi. Kwa Shafii, umiliki hauhami kwa tamko peke yake. Unahama mpewa anapoishika mali kwa idhini ya mtoaji. Mtoaji akifa baada ya kutamka na kabla ya kukabidhi, warithi wake ndio wenye hiari: wakabidhi au wazuie. Kuwategemea warithi wakabidhi ni kamari.

*Nani, na kiasi gani.* Yeyote: mrithi, jirani, asiye Muislamu, hata mali yote kwa mtu mmoja, mradi mtoaji ni mzima wa mwili na akili. Kuwabagua watoto katika kutoa kumechukiwa, na hadithi ya Nuuman bin Bashir, ambaye baba yake alimpa yeye peke yake na Mtume akakataa kushuhudia, inajulikana, lakini kwa Shafii hiba yenyewe inasimama.

*Kugeuka.* Ikishakabidhiwa haina kurudi, isipokuwa kwa mzazi aliyempa mwanawe, naye ni pale tu mali ikiwa bado mikononi mwa mtoto. Mtoto akishaiuza, mlango umefungwa. Kwa Hanafi mambo yamepinduka: uliyempa ndugu wa damu asiyeoleka kwako, au mume na mke waliopeana, huwezi kurudisha; wa mbali ndiye unayeweza kumrudia, kwa masharti. Kwa hiyo kabla ya kumhakikishia mtu kwamba anaweza kurudisha alichotoa, uliza familia inafuata madhehebu gani.

*Inapoharibika.* Kwenye kukabidhi, tena na tena. Baba anaandika hiba ya nyumba, mashahidi wanatia sahihi, halafu anaendelea kulala chumba kilekile, kukusanya kodi ileile na kuweka ufunguo mfukoni. Miaka 10 baadaye ndugu wanasema hiba haikutimia, na wana hoja nzito.

Kukabidhi nyumba kunaonekana kwa vitendo. Vitu vya mtoaji vinatolewa, hata kama ni kwa siku chache. Funguo zote zinakabidhiwa mbele ya mashahidi. Wapangaji wanaambiwa, kwa barua yenye tarehe, kwamba kuanzia mwezi fulani kodi inakwenda kwa mmiliki mpya. Kisha jina linabadilishwa katika msajili wa ardhi. Mtoaji akitaka kuendelea kukaa, basi mpewa amruhusu kwa karatasi nyingine ya tarehe ya baadaye: hiyo inaitwa ariya, yaani kuazimwa matumizi. Usiunganishe mambo hayo katika hati moja. Hati inayosema «nimekupa, ila nitakaa humu na kula kodi mpaka nife» inatoa kwa mkono wa kulia na kuzuia kwa wa kushoto. Mpewa akiwa mtoto mdogo, baba kama walii (mlezi wake wa kisheria) hushika kwa niaba yake, ila lazima atamke hivyo wazi na ashuhudishe.

Kuna mitego mingine miwili. Wa kwanza ni maradhi ya mauti. Hiba iliyotolewa katika ugonjwa unaohofiwa kuua, na ukaua kweli, huhesabiwa kama wasia: inaingia katika theluthi ya mali (hesabu yake iko kwenye wasia, hapa chini), na mrithi hapati bila ridhaa ya wenzake. Vitabu vya fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, vinamweka katika hukumu hiyohiyo mwanamke aliyeshikwa na uchungu wa uzazi, na abiria wa jahazi lililokumbwa na dhoruba. Mtego wa pili ni neno umra: «nyumba hii ni yako umri wako wote». Wengi huandika hivyo wakidhani mali itarudi mpewa akifa. Kwa Shafii hairudi. Sharti linaanguka, hiba inabaki, na warithi wa mpewa ndio watakaorithi. Ukitaka mtu akae tu maisha yake bila kumiliki, mwandikie matumizi, usimwandikie nyumba.

Zaidi ya fikihi kuna sheria za nchi. Tanzania Bara, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamzuia mume au mke kuitoa nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kenya, shamba lililo katika eneo la udhibiti wa ardhi linahitaji kibali cha bodi hata kama linatolewa bure, na maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu kukubaliana. Hiba nzuri kifikihi imewahi kufa kwa kukosa karatasi hiyo moja.

Wasia

*Inatoka lini.* Ukifa. Mpaka hapo mali ni yako. Uza, bomoa, weka rehani. Uliyemuusia akitangulia kufa, wasia wake umekwisha na watoto wake hawaudai.

*Nani, na kiasi gani.* Hapa ndipo penye hesabu. Wasia ni kwa asiyekuwa mrithi, na mwisho wake ni theluthi. Kipimo hicho kinatokana na hadithi ya Saad bin Abi Waqqas, aliyetaka kuusia zaidi akaambiwa na Mtume theluthi, na theluthi ni nyingi. Lakini ni theluthi ya nini? Ni ya kinachobaki baada ya mazishi na madeni, kwa thamani ya siku ya kufa.

Chukua mtu aliyeacha mali ya shilingi 9,900,000. Mazishi yamekula 150,000, madeni 750,000. Inabaki 9,000,000, na theluthi ni 3,000,000. Alimuusia mjukuu wake yatima 4,000,000. Milioni 3 zinatoka bila kumuuliza mtu. Milioni 1 ya ziada inasubiri warithi, na si lazima wakubali wote: kila anayekubali anaachia kwa kadiri ya fungu lake. Warithi wakiwa mke, mwana wa kiume na binti, mafungu yao ni 3/24, 14/24 na 7/24. Mwana akikubali peke yake, mjukuu anaongezewa 583,333. Mke naye akikubali, inafika 708,333. Binti aliyekataa halazimishwi, wala kukataa kwake hakuwazuii wenzake.

Angalia pia kwamba ridhaa hiyo ni ya baada ya kifo. Wana waliotia sahihi ya kukubali baba akiwa hai wanaweza kugeuka siku ya arubaini, kwa sababu wakati ule hawakuwa na haki ya kuiachia. Familia nyingi hutunza karatasi hiyo kwa miaka kama ngao, kumbe haizuii kitu.

Walioachiwa wasia wakiwa wengi na jumla ikapita theluthi, kila mmoja hupunguziwa kwa uwiano. Ukitaka mmoja atangulie, sema.

*Kugeuka.* Wakati wowote, kwa neno au kwa kitendo. Aliyeusia kiwanja kisha akakiuza amekwisha kuutangua wasia huo. Katika maneno yote matatu, hili ndilo pekee linalomruhusu mtu yeyote, bila sharti, abadili mawazo mpaka pumzi ya mwisho.

*Inapoharibika.* Kwa kuwausia warithi, kama tulivyoona. Kwa kukosa mashahidi wawili waadilifu, au kuwachukua mashahidi miongoni mwa wanaofaidika. Kwa kutoandika madeni, hata theluthi ikahesabiwa vibaya na wenye kudai wakatokea baadaye. Na kwa kuchanganya maneno yanayofanana: wasia ni hati au tamko, wasii ni mtu anayepewa kazi ya kulitekeleza. Wasia usiotaja wasii huishia kugombaniwa usimamizi kabla ya kugombaniwa mali. Kenya, Sheria ya Urithi, Sura ya 160, katika kifungu cha 2(3), inamwachia Muislamu afuate sheria yake katika mambo ya msingi ya urithi, kwa hiyo kiolezo cha wasia cha mtu asiye Muislamu hakimfai. Humo atajikuta amegawa mali yote, na theluthi mbili za kazi hiyo hazitasimama.

Wakfu

*Inatoka lini.* Papo hapo, na milele. Asili yake inarejeshwa kwa Umar bin al-Khattab na ardhi yake ya Khaybar: asili ishikwe, matunda yatolewe. Kutoka hapo likazaliwa tamko ambalo utalikuta karibu katika kila hati ya wakfu, kwamba mali hii haiuzwi, haitolewi hiba wala hairithiwi. Kwa Shafii wakfu hausubiri kukabidhiwa. Tamko likitoka, umiliki umekwenda kwa Mwenyezi Mungu. Ukiuning'iniza kwenye kufa kwako, umegeuka wasia na umebanwa na theluthi.

*Nani, na kiasi gani.* Kuna wakfu wa kheri (msikiti, madrasa, kisima, makaburi) na kuna wakfu wa dhuria, kwa watoto na kizazi. Mtu mzima wa afya anaweza kuweka mali yote. Asichoweza, kwa Shafii, ni kujiwekea mwenyewe: «kodi ni yangu mpaka nife, kisha ya watoto» huuharibu wakfu. Akichimba kisima cha umma anakunywa kama watu wengine, hilo halina neno. Hanafi, kwa kauli ya Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, wanaruhusu mwekaji afaidike maisha yake.

Mali iwe ya kutumika huku inabaki: nyumba, shamba, miti, vitabu. Chakula hakifai, na fedha taslimu kwa kauli mashuhuri ya Shafii pia hazifai, ingawa Waturuki wa Dola ya Uthmania, waliokuwa Hanafi, waliziwekea wakfu kwa wingi.

*Kugeuka.* Hakuna. Wala mwekaji, wala watoto wake, wala jirani mwenye hela nzuri.

*Inapoharibika.* Wakfu wa dhuria una historia ya majeraha. Mwaka 1894 majaji wa Privy Council mjini London, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Waingereza, katika shauri lililotoka Bengal, walisema kwamba wakfu wa familia ambao fungu la masikini ni la mbali sana na la jina tu haukubaliki. Wanazuoni wa Kiislamu walipinga kwamba majaji wale walipima wakfu kwa mizani ya sadaka ya Kiingereza, na ni vigumu kutokubaliana nao. India ikatunga sheria ya kuuokoa mwaka 1913, na Kenya ikaweka ulinzi wa namna hiyo katika Sheria ya Makamishna wa Wakfu ya 1951. Misri ilikwenda njia nyingine ikaufuta wakfu wa familia mwaka 1952. Funzo lililobaki kwa mwandishi wa hati ni kutaja mwisho kwa maneno wazi: kizazi kikikatika, mali ni ya nani? Andika masikini wa mtaa fulani, au msikiti fulani.

Kisha kuna msimamizi, mutawalli. Usipomtaja, usimamizi huenda kwa kadhi. Ukimtaja mmoja bila mrithi wake, umeahirisha ugomvi kwa umri wa mtu mmoja. Andika namna ya kumpata anayefuata, na andika kwamba kodi itangulie kukarabati jengo kabla ya kugawiwa. Hati nyingi za zamani hazikusema lolote juu ya ukarabati, na matokeo yake ni nyumba za wakfu ambazo wanufaika 30 wanagawana kodi ya paa linalovuja.

Pwani ina jambo lake: mtu kumiliki jengo bila ardhi, kama ilivyo katika mitaa mingi ya Mombasa, au minazi bila shamba, kama ilivyozoeleka Unguja na Pemba. Hati inayosema tu «nyumba yangu» au «minazi yangu 20» huacha swali la ardhi likielea. Sema «jengo bila ardhi» au «minazi pamoja na ardhi yake», ukitaja mipaka minne.

Leo Kenya ina Sheria ya Wakfu ya 2022 iliyochukua nafasi ya ile ya 1951, na Zanzibar kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Wakfu usiosajiliwa huko huwa siri ya familia, na siri ya familia huuzwa na mjukuu mmoja mwenye shida.

Kulingana na hali yako

Una afya, na unataka mtoto fulani awe na nyumba fulani: hiba, na uwe tayari kuiachia kwelikweli. Ukihisi moyo unasita kutoa funguo, hiba si yako.

Una wajukuu ambao baba yao ametangulia, na ami zao wanawazuia wasirithi: wasia ndani ya theluthi, au hiba sasa. Misri iliweka wasia wa lazima kwa hali hii mwaka 1946; mahali pasipo na sheria ya namna hiyo, usipoandika wewe hakuna atakayewaandikia. Hali ni hiyohiyo kwa mtoto wa kulea na kwa mke asiye Muislamu, ambao hawana fungu katika mirathi.

Unaogopa nyumba ya ukoo itauzwa: wakfu wa dhuria, ikiwa inaingiza kodi ya kujitunza. Jengo linalokula fedha kuliko linazoleta, likiwekwa wakfu, litaanguka mikononi mwa watu wasioruhusiwa kuliuza.

Unataka kuchangia madrasa nawe una fedha tu: nunua kwanza kiwanja au duka, ndipo uweke wakfu, au usia kiasi ndani ya theluthi.

Tayari uko kitandani na daktari ameshasema: usihangaike na hiba. Theluthi ndiyo uliyobaki nayo, itumie kwa wasiorithi, orodhesha madeni, taja wasii.

Hujaamua: wasia, kwa sababu unafutika. Unaweza pia kuyatumia pamoja, hiba ya kiwanja kwa binti leo na wasia kwa yatima kesho, mradi kila kimoja kina hati yake.

Na kama shida yako ni hati ya babu iliyokutwa sandukuni, usianze na kichwa chake. Tafuta kwanza kama kuna neno la kifo, halafu kama kuna kukabidhi au «ameshika», halafu kama kuna «haiuzwi». Linganisha tarehe ya hati na tarehe aliyofariki aliyeiandika. Zikiwa zimekaribiana sana, uliza alikuwa anaumwa nini. Kisha nenda nayo kwa msajili wa ardhi uone jina lililoko leo, kabla hujamfungulia mtu yeyote kesi.